Siti binti Saad: Jina Lake na Majina ya Nyimbo Zake

Mwanamke wa pwani hanunui kanga kwa rangi peke yake. Hutazama pindo, hutazama mji, kisha huuliza jina. Jina la kanga ni yale maneno yaliyopigwa chapa, na kanga isiyo na jina la maana, hata ikiwa na rangi za kupendeza namna gani, huweza kulala dukani mpaka ikafifia. Nyimbo zetu nazo ni hivyo hivyo. Sauti huvuta sikio, ala huvuta moyo, lakini kile ambacho watu huondoka nacho mdomoni wakenda nacho majumbani mwao ni jina.

Leo basi nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wangu, juu ya jina la wimbo: hutoka wapi, hutolewa na nani, na lina kazi gani kwa mtungaji. Na ili maneno yangu yasielee hewani, nitayafunga kwenye maisha ya mtu mmoja ambaye kila nyumba ya pwani inamjua, marehemu Bi Siti binti Saad wa Unguja. Nimemchagua yeye kwa sababu kabla ya kuzipa majina nyimbo zake, ilimbidi kwanza yeye mwenyewe apate jina.

Bi Siti alizaliwa Fumba, kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara, wa nasaba ya utumwa, na jina walilompa mtoto wao lilikuwa Mtumwa. Msomaji wa leo hushtuka akisikia hivyo. Lakini tukumbuke wakati wenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini kumiliki watumwa kulikuwa bado ni halali, na sheria ya kuondoa utumwa haikutoka mpaka mwaka 1897, msichana yule akiwa amekwisha kukua. Kwa hiyo alipoitwa kwa jina lake, alikuwa anakumbushwa mahali pake. Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba jina jema ni haki ya mtoto juu ya wazazi wake, na kwamba haifai watu kuitana kwa majina ya kuumizana. Bali umaskini na unyonge huwasahaulisha watu hata haki hizo.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Mtumwa binti Saad alijifunza kufinyanga vyungu, na vyungu hivyo akavichukua mjini kuviuza. Muuza vyungu haketi kimya. Ni lazima anadi, na kunadi ni kuimba kwa namna yake: sauti iwe kubwa ipenye vichochoro, iwe tamu isiwachukize wenye nyumba, na maneno yawe machache yanayoshika. Mimi huona kwamba hapo ndipo aliposomea somo lake la kwanza la utunzi. Anayenadi hutaja kwanza jina la kitu anachouza. Asipolitaja, mnunuzi aliye ndani hatajua atoke kwa lipi.

Shule ya kusoma na kuandika hakuipata. Lakini Mwenyezi Mungu alimpa sauti na akampa hifadhi. Alikuwa mtu wa kusikia jambo likakaa. Mwaka 1911 akahamia mjini kabisa, akiwa mwanamke mtu mzima wa miaka kama thelathini, akitafuta maisha. Huko akakutana na bwana mmoja, Muhsin Ali, aliyekuwa mwanamuziki wa chama cha Ikhwani Safaa, kile chama cha taarabu kilichoundwa Unguja mwaka 1905. Muhsin akaitambua ile sauti. Akamfundisha namna ya kuipandisha na kuishusha, namna ya kufuata ala, na namna ya kuimba mbele ya watu wazito. Baada ya muda mfupi mji mzima ukawa unamsema.

Hapo ndipo lilipokuja jina jipya. Yule Mtumwa wa Fumba akawa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Na jina la baba yake, Saad, lina maana ya heri na bahati. Yatazameni majina mawili hayo yakiwa pamoja: bibi, binti wa heri. Hakuna mshairi ambaye angeweza kumtungia jina lililo bora kuliko hilo. Na jina hilo halikuwa pambo tu, kwani lilimfungulia milango. Mtu aliyekuwa akipita na vyungu kichwani sasa alialikwa kwenye nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, akaimba hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub.

Ili tujue alichokifanya, lazima tujue alichokikuta. Taarabu ilikuwa imeletwa Unguja katika zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888. Ilikuwa ni starehe ya jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu, kwa ala zilizotoka Misri. Watu wa kawaida waliisikia kwa mbali kama mtu anayesikia harufu ya biriani ya jirani. Bi Siti aliijua njia hiyo ya Kiarabu, na aliweza kuimba kwa lugha hiyo, lakini aliichukua taarabu akaivisha Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha mitaa ya Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa mafundi, wachukuzi, wavuvi na wanawake waliokuwa jana watumwa.

Sasa nirudi kwenye jambo langu. Katika ushairi wetu wa kale, kazi kubwa na kazi ndogo hazikupewa jina kwa njia moja. Utenzi hutungwa na mtu aliyetulia na kalamu yake, naye huweza kuutangaza kwa jina tangu mwanzo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga ule utenzi wake juu ya kuanguka kwa mji wa Pate, alilitaja jina la Al-Inkishafi ndani ya utenzi wenyewe, katika beti za kufungulia. Kwa hiyo msikilizaji huingia akijua ni nyumba gani anaingia. Tenzi nyingine zikaitwa kwa majina ya watunzi wao, kama ule wa Mwana Kupona aliyemtungia binti yake mwaka 1858.

Lakini wimbo wa ngomani au wa harusini haukuwa na mtu wa kuuandikia jina juu. Wimbo ulitokea mdomoni, ukaingia masikioni, na watu wakauita kwa maneno waliyoyashika. Mara nyingi yalikuwa maneno ya kwanza. Nawakumbuka mama zetu hapa Mombasa, katika usiku wa harusi, wakitaka wimbo fulani hawakusema tuimbieni wimbo wenye jina kadha wa kadha. Mmoja alianzisha maneno mawili matatu, na waimbaji wakajua. Mwanzo wa wimbo ndio uliokuwa jina lake. Kwa hiyo mtungaji hodari aliuchunga mwanzo kama mlango wa nyumba yake. Alijua kwamba maneno yale ndiyo yatakayoitwa miaka na miaka, hata yeye mwenyewe akisahauliwa.

Mfano mzuri ni Muhogo wa Jang'ombe, wimbo maarufu unaohesabiwa katika nyimbo za Bi Siti. Jina lake ni yale maneno ya kuanzia. Jang'ombe ni mtaa wa Unguja, na muhogo ni chakula cha kila mtu. Ukilisikia jina hilo utadhani mtu anataka kukueleza habari za sokoni. Kumbe ni fumbo, na mwenye akili hujua kwamba muhogo unaosemwa hauchimbwi kwa jembe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jina katika utunzi wetu: kufunika. Jina humruhusu mama kuuimba wimbo mbele ya wakwe na watoto, kila mmoja akachukua kiasi cha fahamu yake.

Ikaja mwaka 1928. Kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimchukua Bi Siti na wenzake, wakavuka bahari mpaka Bombay, mji ambao sasa huitwa Mumbai, kwenda kutiwa sauti katika santuri. Pamoja naye walikuwa wapigaji na waimbaji wa kundi lake, watu kama Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam. Kwa mwanamke wa Afrika Mashariki jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Santuri ziliporudi pwani zilinunuliwa kwa wingi ajabu. Hesabu inayotajwa ni santuri 72,000 kufikia mwaka 1931, na kila santuri moja ilisikilizwa na mtaa mzima, kwa kuwa kinanda kiliwekwa mkahawani na watu wakajaa barazani mpaka njiani.

Santuri ilileta mambo mawili mapya kwa mtungaji. La kwanza ni ufupi. Wimbo wa taarabu ya usiku unaweza kurefushwa kwa muda watu wanaoutaka, mashairi yakarudiwa na ala zikapewa nafasi yake. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulichukua dakika tatu hivi. La pili ni ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Juu yake pana nafasi ya maneno machache tu: jina la mwimbaji na jina la wimbo. Kwa mara ya kwanza wimbo wa Kiswahili wa watu wa kawaida ulipaswa kuandikwa jina lake, na jina hilo likasafiri bila ya mwimbaji, likafika Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na bara. Mtu aliyekuwa hajamwona Bi Siti hata siku moja aliingia dukani akaitaja santuri kwa jina. Kile alichokuwa akikifanya zamani katika vichochoro na vyungu vyake, sasa kilifanywa na kikaratasi.

Nyimbo zenyewe zilitungwaje? Bi Siti na wenzake walikuwa na desturi ya kukutana nyumbani kwake, Ng'ambo, kufanya mazoezi na kuzungumza. Habari za mji ziliingia hapo. Nani kahukumiwa, nani kadhulumiwa mshahara, mke gani kapigwa, karani gani kala fedha za watu. Katika mazungumzo hayo shairi lilizaliwa, mmoja akaleta ubeti, mwingine akaurekebisha, na Bi Siti, asiyejua kuandika, akauhifadhi moyoni. Hivyo wimbo ulianzia kwenye jambo lenye mtu wake, na mtu ana jina. Swali lililokuwa mbele yao kila mara lilikuwa hili: tumtaje au tumfiche?

Katika wimbo wa Kijiti walimtaja. Kisa chake ni cha kuhuzunisha. Mwanamke mmoja mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, naye ni mja mzito, aliuawa Unguja, na mwanamume aliyetajwa kwa mauaji hayo aliitwa Kijiti. Akaponyoka akavuka kwenda bara. Shauri likafika mbele ya hakimu, na badala ya lawama kumfuata aliyekimbia, zikawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Mji ukanung'unika. Mahakama ilikuwa na faili lake na sheria zake, lakini muuaji hakuwamo kizimbani. Basi kundi la Bi Siti likamtia kwenye wimbo, na wimbo ukaitwa kwa jina lake.

Fikirini jambo hilo. Kijiti ni neno dogo, mti mdogo usio na uzito wowote. Wangeweza kuuita wimbo kwa msiba wa yule mwanamke, au kwa maneno ya majonzi, na watu wangelia. Lakini wangelia kisha wakasahau nani wa kuulizwa. Kwa kuuita Kijiti, waliweka jina la mkosaji katika mdomo wa kila mwenye kuuimba. Alikimbia Unguja, wimbo ukamfuata. Kila palipokuwa na kinanda cha santuri, jina lake lilikuwa limetangulia. Hiyo ni kazi ya pili ya jina: kufichua.

Najua wapo watakaoniuliza: je, hiyo si ghiba? Dini yetu imekataza kumsengenya mtu na kuanika aibu yake. Swali hilo ni la haki, na silikwepi. Katazo hilo ni kubwa, na nyimbo nyingi za kupigana vijembe, ambazo pwani hatukuzikosa, zimeangukia humo. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha pia kwamba aliyedhulumiwa ameruhusiwa kupaza sauti dhidi ya aliyemdhulumu, na kwamba kumtahadharisha mtu na shari si sawa na kumsengenya. Yule mwanamke hakuwa na ulimi tena wa kujisemea, na mashahidi wake walikuwa wamenyamazishwa. Kama kuna wimbo uliosimama mahali pa shahidi, basi ni huo. Kwa maoni yangu, mizani yenyewe iko hapo: unamtaja mtu kwa sababu amedhulumu na dhulma haijaondolewa, au unamtaja kwa sababu unamchukia?

Iko njia ya tatu, nayo ni ya katikati. Wimbo wa Wala Hapana Hasara unahusu mtu wa kalamu, karani aliyetajirika kwa fedha za wasiojua kusoma kisha akaishia jela. Hapa jina la wimbo halikumchukua mtu. Lilichukua maneno ya ndani ya wimbo, maneno yenye kejeli ya chini kwa chini, kana kwamba kuanguka kwa bwana mkubwa hakukumpunguzia mtu chochote. Jina la namna hii hufanya kazi kama methali. Karani yule alipokwisha kusahauliwa, maneno yalibaki, na kila mtaa uliweza kuyatumia kwa karani wake. Na ikumbukwe kwamba mwimbaji mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wasiojua kusoma. Alipoimba juu ya dhulma ya kalamu alikuwa anaimba habari za nyumbani kwake.

Umaarufu huleta husuda. Wapinzani wake nao walimtungia nyimbo. Walimkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, nguo ya watumwa na watu wa shamba, na kwamba lau si sauti hangekuwa na cha kula. Hawakumsamehe kwa sura yake wala kwa asili yake. Kwa maneno mengine, walitaka kumvua lile jina la Siti na kumrudishia la Mtumwa. Naye hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo wenye maana kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na kwamba lililo kubwa kwa mtu ni akili na tabia. Jibu hilo lilibaki, na majina ya waliomtukana hatuyasikii.

Bi Siti hakuacha kuimba mpaka uzeeni. Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na Sheikh Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, aliyemsikiliza na kuandika habari zake. Bi Siti akafariki mwaka 1950, na kitabu cha Shaaban Robert kikatoka mwaka 1958, kikiitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Tazameni jina hilo nalo. Neno wasifu kwa watu wa zamani lilistahiki masheikh na masultani. Shaaban Robert alilichukua akaliweka mbele ya jina la mfinyanzi wa Fumba, wala hakuona haja ya kuongeza neno jingine.

Baada yake jina likaendelea kufanya kazi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo zake kwa kumsikiliza, akazichukua mpaka ng'ambo ya bahari. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotaka jina la jarida lake, kiliona hakuna linalofaa kuliko Sauti ya Siti. Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa amekuwa yeye mwenyewe ni jina ambalo wengine huliweka juu ya kazi zao ili zisikike.

Siku hizi nakutana na vijana wengi watunzi wa nyimbo. Wapo wanaomaliza wimbo mzima, kisha wakaanza kutafuta jina kama mtu anayetafuta kofia ya kufanana na kanzu. Wapo wanaolitafuta jina la kushtua kwanza, wimbo wenyewe ukawa hauna kitu. Mimi sina ugomvi nao, ila ningewaomba wajiulize maswali ambayo kundi la Ng'ambo lilijiuliza. Jina hili linafunika nini, na je, kilichofunikwa kinastahili sitara? Jina hili linamfichua nani, na je, nitaweza kusimama nalo mbele ya Mola wangu? Na mtu akilichukua jina hili peke yake bila ya wimbo, atakuwa amechukua chochote? Mwenye kupata majibu ya hayo amekwisha kutunga nusu ya wimbo, na iliyobaki ni kazi ya sauti na ala.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Siti binti Saad, amsamehe makosa yake, na ampe kwake jina lililo bora kuliko yote tuliyomwita sisi. Amin.